Sufuria ya Pili

Niliandika maneno kumi na mawili nikiwa ndani ya basi, mahali fulani kati ya Segera na Chalinze, simu ikiwa imebakiwa na chaji asilimia tisa. "Chakula cha nyumbani. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, salama hata kwa mwenye presha." Juu yake niliweka picha ya sahani ya wali wa nazi, samaki wa kukaanga, kisamvu na kachumbari, niliyoipiga siku mbili kabla kwenye kibaraza cha mgahawa wetu, Ngamiani, Tanga. Nikabonyeza, nikalala. Usiku ule, nilipopata umeme hosteli Dar es Salaam, watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameipenda ile picha, na kumi na wanne walikuwa wameuliza swali moja: mko wapi?

Sikumuuliza Mama kabla ya kuandika. Simu yake ni kitochi, ya kupiga na kupokea tu, na hata angekuwa na simu kubwa asingepata saa ya kukaa nayo. Mimi ndiye mtu wa matangazo. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, kwa sababu kila mtu katika familia yetu ana kazi mgahawani, na mimi ninayesoma shahada ya uzamili ya falsafa kilomita zaidi ya mia tatu kutoka jikoni sikuwa nayo. Mama anapika. Dada yangu anakuna nazi, anakaanga samaki na kupokea fedha. Wasichana wawili wanaosha vyombo na kupeleka sahani mezani. Mimi naandika maneno.

Maneno yale sikuyatunga kwa nia ya kumdanganya mtu. Niliyaona yanakaa vizuri, basi. Nilikuwa nimepitia kurasa za migahawa mingine nikagundua kwamba siku hizi hakuna anayeuza chakula kitamu peke yake. Kila mtu anauza afya. Juisi ni ya asili, kuku ni wa kienyeji, ugali ni wa dona, mafuta ni ya alizeti. Nikajiuliza, sisi tuna nini? Jibu lililokuja lilikuwa sura ya baba yangu ameketi mkekani, na kibakuli chake pembeni. Nitamrudia baba.

Mama ana methali yake: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mitano ya kwanza hakuweka hata kibao nje. Mimi nilikuwa namjibu kwa msemo wa mjini, kwamba biashara ni matangazo, na tulibishana hivyo kwa utani miezi mingi, yeye akichambua mchele, mimi nikichezea simu. Nilidhani methali yake inasema tu kwamba kizuri hakihitaji tangazo. Nikiitazama sasa naona inashitaki zaidi ya hapo: inasema kule kujitembeza kwenyewe ni ushahidi. Ukiona kitu kinapigiwa debe, anza kukitilia shaka.

Lakini methali nazo zina mahali zilipozaliwa. Hii imezaliwa mahali ambapo watu wote wanajuana, ambapo harufu ya mchuzi inafika kwa jirani na jirani anakuja. Mgahawa wetu uko nyuma ya gereji. Una meza sita na viti vya plastiki, na anayepita barabarani anaona matairi tu. Nakumbuka kipindi ambacho kisamvu kilikuwa kinabaki nusu sufuria, tukila usiku, tukila asubuhi, mpaka dada akasema ataota majani. Chema kilikuwa pale, kimefunikwa kwa kawa, na hakikujiuza. Kwa hiyo naitetea kazi ya kutangaza, mpaka leo. Mtu mwenye kitu kizuri ana haki ya kusema anacho. Shida yangu ilianzia kwenye neno "anacho".

Tangazo lilifanya kazi. Tulikuwa tunauza sahani thelathini na kitu kwa siku. Baada ya miezi miwili zilikuwa sitini, na Ijumaa zilivuka themanini. Watu wa ofisini walianza kuja, wenye beji shingoni, wakiuliza kama wanaweza kuletewa. Mmoja wa wale wasichana wawili aliajiriwa wakati huo. Na ada yangu ya muhula wa pili, ambayo Mama alikuwa akiilipa kwa vipande vipande, ililipwa mara moja. Alinipigia simu kuniambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Miongoni mwa waliokuja kwa tangazo alikuwepo mzee mmoja mstaafu. Kwa kweli hakuja mwenyewe, aliletwa na binti yake anayeishi Arusha. Binti aliona picha kwenye simu ya rafiki, akasoma maneno, akampigia baba yake aliyekuwa amefiwa na mkewe na alikuwa akishindia chai na mkate, akamwambia nimekupatia mahali. Akawa anatuma shilingi laki moja kila mwanzo wa mwezi kwenye simu ya dada yangu. Mzee anakuja saa saba, anaketi meza ya karibu na mlango, anapewa wali nusu, kisamvu na samaki wa mchuzi, anawatania wasichana, anaondoka. Alifanya hivyo kwa miezi minne.

Binti alikuja Jumatano moja ya mwezi wa nane, nikiwa likizo. Alikuwa na begi la safari bado mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti. Umekula?"

Hakuwa amekula, lakini hakutaka chakula. Alisema baba yake amepelekwa hospitali Jumapili akilalamika kichwa na kizunguzungu, na presha ilikutwa 190 kwa 110. Daktari aliuliza anakula nini. Mzee akajibu kwa fahari kwamba yeye hana tatizo la chakula, anakula mahali ambapo hawatii chumvi nyingi, binti yangu ndiye aliyenitafutia. Akatoa simu, akaiweka mezani katikati yetu. "Hapa mmeandika chumvi kidogo. Nimekuja kuuliza tu. Kidogo ni kiasi gani?"

Mama aliitazama ile simu kama mtu anayeonyeshwa picha ya nyumba yake iliyopigwa na mgeni. "Nani kaandika?" Halafu akanigeukia. "Nisomee."

Nimesoma mada mbele ya maprofesa. Sijawahi kusoma kitu kigumu kama yale maneno kumi na mawili. Nilipomaliza Mama alifuta mikono kwenye kanga, ingawa ilikuwa mikavu, akamwambia yule dada: "Mwanangu, nisikudanganye. Hapa natia chumvi ya biashara."

Binti aliomba aonje kisamvu. Aliletewa kwenye kisahani, akaonja, akaweka kijiko. "Kitamu," alisema, na sijawahi kusikia sifa iliyonichoma namna ile.

Siwezi kusema kwamba kisamvu chetu ndicho kilichompandisha mzee presha. Baadaye binti mwenyewe alisema baba yake alikuwa ameacha dawa wiki mbili kwa kuwa alijisikia nafuu. Niliposikia habari ya dawa, moyo wangu ulifurahi. Naandika hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: kwa sekunde chache nilishukuru kwamba mzee wa watu ameacha dawa zake, kwa sababu nilipata mahali pa kuutua mzigo. Haukukaa huko muda mrefu. Ukiniambia mtu aliyeamini kwamba chakula chake ni salama hakushawishika hata kidogo kuona vidonge havina haraka, sitakuamini.

Inafaa nieleze hii chumvi ya biashara, maana si uzembe wa mama yangu. Ladha ya chakula cha pwani inatoka kwenye tui. Unakuna nazi kwenye mbuzi, unakamua tui la kwanza, zito, unaliweka kando, unaongeza maji unakamua la pili na la tatu. Kisamvu kilichotwangwa vizuri kinachemka kwa tui jepesi mpaka kilainike, na lile zito linaingia mwishoni. Chakula hicho kinakuwa kitamu hata kikiwa na chumvi ya kudokoa. Lakini kinataka nazi nyingi na muda mwingi, na nazi ikipanda bei sahani haipandi. Fundi wa gereji anajua sahani ni elfu mbili na mia tano. Ukimwambia elfu tatu anavuka barabara. Basi nazi nne zinakuwa tatu, tui linakuwa jepesi, na pengo la ladha linazibwa na kitu rahisi kuliko vyote jikoni, chumvi, pamoja na kiungo cha pakiti ambacho nacho sehemu kubwa ni chumvi. Hakuna siku Mama aliyoamua kuongeza. Iliongezeka yenyewe, kiganja kwa kiganja, kila mteja aliyetokwa jasho juani aliposema "mama, leo mboga imepooza".

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai hivi, kwa milo yote. Nilijaribu kupima pale jikoni kwetu. Niligawanya chumvi iliyoingia kwenye sufuria kwa idadi ya sahani zilizotoka. Hesabu yangu ni ya jikoni na sitaidai kuwa sayansi, lakini mlo mmoja wa mchana, kisamvu na mchuzi na wali wenyewe, ulikuwa umekaribia kukimaliza kile kijiko. Na mafuta kidogo niliyoyaandika? Mafuta ya nazi ni miongoni mwa mafuta ya mimea yenye asidi shibe nyingi kuliko yote. Hilo ningeweza kulijua kwa kutafuta dakika mbili. Sikutafuta, kwa sababu nilikuwa naandika kumbukumbu na kuiita taarifa.

Kumbukumbu yenyewe ni hii. Baba alikuwa na presha. Kwa miaka saba ya mwisho ya maisha yake Mama alipika sufuria mbili: kubwa ya kwetu, na ndogo, yenye mkono mmoja uliovunjika, ya baba. Kwenye ile ndogo hakutia chumvi kabisa. Alitia ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, majani ya mchaichai wakati mwingine, akahangaika mpaka baba akawa anakula bila kununa. Hakuna daktari aliyemfundisha. Alikuwa anamtazama usoni anapotafuna. Siku akiona anasukumasukuma sahani, kesho yake anabadili. Ndicho chakula nilichokikumbuka ndani ya basi. Nilipoandika "chakula cha nyumbani" nilikuwa nauza ile sufuria ndogo, ambayo haikuwahi kufika mgahawani.

Wiki ile nilirudi kwenye kitabu nilichokuwa nimekisoma kwa ajili ya mtihani tu. Katika mazungumzo yanayoitwa Gorgias, Plato anamfanya Socrates aseme jambo ambalo mpishi yeyote atalichukia: kwamba upishi si fani ya kweli, ni uzoefu wa kufurahisha watu, tawi la kurairai, na kwamba umevaa nguo za utabibu ukijifanya unajua chakula kipi kinaufaa mwili. Anasema mpishi na tabibu wangeshindanishwa mbele ya watoto, au mbele ya watu wenye akili za kitoto, kuamua nani anajua chakula kizuri na kibaya, tabibu angekufa njaa. Darasani tulicheka. Nikiwa nimekaa kwenye kibaraza cha Ngamiani sikucheka, kwa sababu tangazo langu lilikuwa nguo zenyewe.

Lakini lugha yetu iliwahi kulifikiria jambo hili bila Plato. Wanawake wanaopika kando ya barabara Tanzania tunawaita kwa majina mawili. La zamani ni mama ntilie, yaani mama, nitilie: nitie hapo kwenye sahani, ongeza mchuzi, nipe ninachotaka. La pili ni mama lishe, ambalo linasikika la heshima zaidi. Ndilo utakalolisikia kwenye hotuba na kulisoma kwenye barua za halmashauri. Tunayatumia kana kwamba ni jina moja lililooshwa uso. Ukiyasikiliza vizuri, hayasemi kitu kimoja. Ntilie anamtii mlaji. Lishe anamlisha, yaani anabeba sehemu ya jukumu la kile kinachotokea baada ya sahani kuisha. La kwanza halina ahadi yoyote zaidi ya upawa mmoja kwa bei iliyotajwa. La pili ni ahadi nzito, na tumewabandika wanawake wenye nazi tatu na jiko la mkaa bila kuwauliza kama wanaweza kuibeba.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Plato. Yeye anadhani tofauti kati ya mpishi na tabibu ni elimu. Mama hakuwa na elimu ya tabibu, na kwenye sufuria ya baba alikuwa analisha. Mgahawani, mikono ileile, yuko kwenye kutia. Sioni kwamba ujuzi wake unapotea anapovuka kizingiti. Kinachopotea ni sura ya mtu. Nyumbani alijua nani anakula. Huku anapikia mabega yanayopita. Na kama ni hivyo, basi "chakula cha nyumbani" si aina ya mapishi ambayo unaweza kuihamishia nyuma ya gereji na kuiwekea bei. Ni habari ambazo mpishi anazo juu yako: kwamba una presha, kwamba bamia huli, kwamba leo umerudi umekasirika. Mimi nilichukua imani ambayo watu wanayo kwa mtu anayewajua, nikaiuza kwa watu ambao hatukuwajua hata majina.

Sikuyafikia haya kwa utulivu ninaouonyesha hapa. Usiku wa ile Jumatano nilijitetea. Nilimwambia Mama kila mtu anaandika hivyo, hakuna anayesoma matangazo kama hati ya kiwanja, neno "kidogo" halina kipimo. Mama alikuwa anapepeta mchele wa kesho. Akanisimulia kisa alichokisikia kwenye darsa, ambacho nami nilikisikia madrasa nikakisahau: Mtume alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Akajibu, ni mvua iliyonyesha. Akaambiwa, kwa nini basi hukuyaweka yaliyolowa juu, watu wakayaona?

Kilichonishika kwenye kisa hiki ni kwamba mwenye nafaka hakusema neno lolote la uongo. Hakuwa na tangazo. Alipanga tu lundo vizuri, kikavu juu. Mimi nilifanya hivyo hivyo kwa picha, saa nne asubuhi, kwa mwanga mzuri, kisha nikaongeza na maneno. "Huyo alinyamaza tu," Mama alisema. "Wewe umeandika."

Muhula uliopita nilikuwa nimeandika insha juu ya mfano maarufu wa Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili: mwenye duka asiyempunja mteja asiyejua bei, hata mtoto ananunua kwake kama mtu mzima. Kant anauliza, je, ni mwaminifu kwa sababu uaminifu ni wajibu, au kwa sababu unaleta wateja? Nilipata alama nzuri. Nilibishana kurasa kumi na mbili juu ya moyo wa muuza duka wa Ujerumani, na ada ya kozi ile ilitokana na sahani zilizouzwa kwa maneno yangu. Sina la kuongeza hapo.

Asubuhi nilitaka kufuta lile tangazo kabla hata sijapiga mswaki. Dada ndiye aliyenizuia mlangoni. Alinisikiliza nikieleza kwamba tunaweza kupoteza wateja lakini ukweli ni ukweli, akacheka. "Wewe utafuta maneno," alisema. "Mimi nikitaka kutubu nifute nini? Sina hata mshahara wa kufuta."

Ni kweli, dada yangu halipwi. Wasichana wanalipwa kila mwisho wa wiki, yeye anaambiwa "hii ni yetu". Kwenye ukurasa wetu niliandika pia kwamba ni mgahawa wa familia, na watu wanalipenda sana neno hilo, wanadhani linamaanisha upendo. Linamaanisha pia kwamba kuna mtu anaamka saa kumi usiku kukuna nazi na hayumo kwenye hesabu. Hili nimelileta kwa Mama mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza alisema nitalifikiria. Mara ya pili alisema na ada yako je? Sikulileta tena, na najua hiyo inanisema vibaya kuliko chumvi.

Tangazo nililifuta siku ileile jioni. Nilimuuliza Mama niandike nini badala yake, akasema, "Andika kuna wali, samaki, kisamvu na maharage. Andika na saa." Nikaandika hivyo. Picha ilipendwa na watu thelathini na mmoja, wengi wao binamu zangu.

Wazo la kwanza la kurekebisha lilikuwa langu na lilikuwa baya. Nilisema tupunguze chumvi kwenye sufuria zote na kuweka kichupa mezani, kila mtu ajitilie. Ni wazo zuri kwenye karatasi. Mafundi walionja mara moja, wakashika kichupa, wakamwaga kama wanaozima moto, chumvi mbichi juu ya wali, nyingi kuliko ambayo Mama angethubutu kuitia. Siku ya tatu kundi zima la gereji lilihamia kwa jirani. Mama aliwaendea mwenyewe, sijui aliwaambia nini, wakarudi. Chumvi ya biashara ikarudi pia, imepungua kidogo. Nasema "kidogo" nikijua neno hili limeshanifanyia nini. Safari hii tunapima kwa kijiko, na kijiko kinaning'inia kwenye msumari karibu na jiko.

Kisha Mama akaleta sufuria ya pili. Ilikuwa ileile ya baba, yenye mkono mmoja. Hakunieleza, nilifika jikoni asubuhi moja nikaikuta juu ya jiko dogo la mkaa, ndimu mbili kando yake. Inatosha watu sita. Inakula mkaa wake na muda wake, na sahani yake inauzwa bei ileile, kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri haina faida. Hatujaitangaza. Anayeihitaji anaambiwa kwa mdomo, baada ya Mama kumuuliza maswali, na maswali yake hayana haya: unakojoa mara ngapi, dawa umemeza, nani anakupikia usiku. Nimemwambia akiendelea hivi atahitaji leseni ya hospitali.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili, amepungua, akitembea na mkongojo ambao alikuwa anauficha chini ya meza. Binti alikuwa amezungumza na Mama kwa simu kwa muda mrefu. Laki moja imeendelea kuja, jambo ambalo silielewi na sijathubutu kuliuliza. Siku nane alikula kutoka kwenye sufuria ndogo, bila maneno, akimaliza nusu.

Siku ya tisa, ambayo ilikuwa karibu ya mwisho kwangu kabla ya kurudi chuoni, aliita. Sahani ilikuwa imesukumwa katikati ya meza. "Mama," alisema, kwa sauti ya chini ya mtu anayeomba mkopo, "hebu nitilie mchuzi kidogo, ule wa wenzangu. Upawa mmoja tu. Binti yangu hayupo hapa." Akatabasamu. Akasema ana miaka sabini na tatu, mke wake amelala chini ya muembe, na jambo moja tu analolingoja mchana kutwa ni saa saba.

Mama alikuwa amesimama katikati ya majiko mawili, upawa mkononi. Angeweza kumwambia hapana kama alivyokuwa akimwambia baba. Angeweza kumtilia kama anavyomtilia fundi yeyote anayeweka elfu mbili na mia tano mezani. Nilimwona akimtazama usoni kwa muda, vilevile alivyokuwa akitazama mkekani, kisha akanigeukia mimi.

"Haya, msomi," alisema. "Nimtilie, nisimtilie?"

Foleni ya gereji ilikuwa imefika mlangoni, na wali ulikuwa unapoa.